"Rafiki kwa Watu Wenye Ulemavu": Pima Kabla ya Kulipa

Matangazo ya nyumba za wageni, kambi za watalii na mawakala wa safari siku hizi hubeba maneno yanayofanana: miundombinu yetu ni rafiki kwa watu wenye ulemavu. Maneno haya ni mazuri, na mara nyingine ni ya kweli. Hata hivyo, hayamwambii mtumiaji upana wa mlango wala idadi ya ngazi, na hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama mgeni wake ataingia chumbani au ataishia barazani. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuligeuza neno "rafiki" kuwa sentimita, na namna ya kuzipata sentimita hizo kwa maandishi kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tutatumia mfano mmoja. Familia moja ya Miono, katika Halmashauri ya Chalinze mkoani Pwani, ina kijana wao anayeishi Uingereza. Miguu yake imepooza kuanzia kiunoni na anatumia kiti mwendo. Anataka kuja nyumbani kwa wiki mbili, na siku tatu kati ya hizo azitumie katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani pamoja na mama yake, ambaye amezeeka akiishi jirani na hifadhi hiyo bila kuingia ndani yake hata mara moja. Familia hii ni ya kubuni, lakini barabara, hifadhi na sheria tutakazozitaja ni halisi. Ujirani huo nao ni wa kweli: moja ya njia za kwenda Saadani huiacha barabara kuu ya Chalinze–Segera pale Mandera, hupita Miono na Mkange, kisha huingia hifadhini baada ya kiasi cha kilomita 60 kutoka Mandera.

Tumeichagua familia ya namna hii kwa makusudi. Mgeni yuko ng'ambo, wakala yuko hapa, na anayelipa arubuni ni dada yake aliyeko Miono. Fedha ikipotea, ni ya ukoo mzima.

Anza na mtu, kisha kiti

Watu wengi huanza kwa kumpigia wakala simu na kuuliza kama kuna nafasi. Tunashauri simu ya kwanza iende kwa mgeni mwenyewe. Je, anaweza kujihamisha kutoka kwenye kiti mwendo hadi kitandani bila msaada? Akisaidiwa, anasaidiwaje: kwa ubao wa kuhamia, au kwa kushikwa kwapani na magotini? Anaweza kukaa garini saa ngapi mfululizo kabla ya kulala ubavu? Anatumia mpira wa mkojo? Katika familia zetu ni kawaida wakubwa kuketi na kumwamulia mwenye ulemavu, kwa nia njema ya kumpunguzia usumbufu. Nia njema hiyo imewagharimu wengi, kwa kuwa anayeujua mwili wake hakuulizwa.

Baada ya mtu, kiti. Mwombeni akipime kwa futi ya fundi na awatumie namba tano: upana kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi wa jingine, urefu pamoja na sehemu ya kuwekea miguu, kimo cha kikalio kutoka chini, uzito, na kama kinakunjwa au hakikunjwi. Viti vingi vya kusukumwa kwa mkono vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70. Kwa hiyo mlango unahitaji uwazi wa sentimita 80 angalau, na 90 ikiwa mtu anapaswa kukata kona mara tu anapoingia. Uwazi huo hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye uso wa mlango hadi kwenye fremu ya upande wa pili. Wenyeji wengi hupima tundu la ukutani, na hapo hupotea sentimita tano au zaidi.

Ndani ya chumba na bafuni, kiti kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke. Kitanda kikiwa karibu kimo kimoja na kikalio cha kiti, kujihamisha ni rahisi. Kikizidi sana ni kama kupanda ukuta.

Kuhusu njia ya mteremko, kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita moja ya kupanda, urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinataka mita 5.4, yaani urefu unaozidi chumba cha kawaida. Wakala akikwambia "tutaweka ubao tu", muulize ubao huo una urefu gani. Ubao wa mita moja juu ya ngazi tatu ni hatari kwa anayesukumwa na kwa anayesukuma.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo familia nyingi hulisahau: nyumba ya Miono nayo ipimwe. Mgeni atalala huko siku nyingi kuliko atakavyolala hifadhini. Choo cha kuchuchumaa hakimfai mtu asiyeweza kuchuchumaa, lakini fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, chenye mikono pande zote mbili, cha kuwekwa juu ya choo. Kizingiti cha mlango wa uani kiondolewe au kiwekewe mteremko wa zege. Kazi hizi si ghali, na baada ya mgeni kuondoka zitamfaa bibi mwenye magoti mabovu.

Ndege

Anayesafiri kutoka uwanja wa ndege wa Uingereza ana haki ya kusaidiwa bila malipo, kutoka anapofika uwanjani hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege. Msingi wa haki hiyo ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006, ambayo Uingereza iliendelea nayo katika sheria zake hata baada ya kujitoa katika Umoja huo. Sharti lake kubwa ni taarifa: shirika la ndege liambiwe angalau saa 48 kabla ya safari. Kanuni hiyo pia inamruhusu abiria kusafirisha vifaa viwili vya kumsaidia kutembea bila kulipia mzigo.

Wakati wa kukata tiketi, abiria ataulizwa aina ya msaada. Mashirika ya ndege hutumia alama za herufi nne, na kuzichanganya kunaleta aibu mlangoni mwa ndege. WCHR ni mtu anayepanda ngazi mwenyewe lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi, lakini hutembea hatua chache ndani ya ndege. WCHC hawezi hata hizo, na lazima afikishwe kwenye kiti chake. Mgeni wetu ni WCHC. Tiketi ikiandikwa WCHR, wahudumu watamletea kiti cha kumsukuma hadi mlangoni, halafu watamtazama wakisubiri ainuke.

Kwa kiti chenye mota, suala kubwa ni betri. Kiti kinachokunjwa chenye betri ya lithiamu inayotoka, betri hutolewa na kuingia na abiria ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na isizidi wati-saa 300. Betri za maji zina masharti yake ya ufungaji. Shirika la ndege lipewe aina ya betri kwa maandishi, na jibu lake lichapishwe na kubebwa.

Sasa fedha. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, unaweka ukomo wa fidia kwa mzigo ulioharibika au kupotea katika safari za kimataifa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni vizio 1,519 vya SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja. Kiti mwendo kilichokabidhiwa kwa shirika huhesabiwa humo. Kiti cha kawaida kinaweza kulipwa kwa kiasi hicho. Kiti chenye mota, au kilichotengenezwa kwa vipimo vya mtu, mara nyingi kina thamani kubwa kuliko hiyo. Mkataba unatoa njia: abiria anaweza kuandika tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo, na kulipa ada ya ziada ikihitajika, ili ukomo upande hadi thamani aliyoitamka. Ni wachache mno wanaolijua jambo hili. Kiti kikifika kimevunjika, malalamiko ya maandishi yafike kwa shirika ndani ya siku 7 tangu kukipokea. Tunashauri yaandikwe hapo hapo uwanjani, pamoja na picha, kabla ya kutoka nje.

Jengo la Tatu la Abiria la Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2019, lina lifti na madaraja ya kushukia. Ndege ikiegeshwa mbali na daraja, abiria hushushwa kwa ngazi au kwa gari la kuinua. Shirika liulizwe mapema litatumia nini.

Kuna pia ndege ndogo zinazotua katika kiwanja cha Saadani. Hizo hupandwa kwa ngazi fupi, abiria asiyeweza kupanda hubebwa, na mzigo mara nyingi hauzidi kilo 15 katika mabegi laini. Kiti mwendo peke yake kinaweza kumaliza kilo hizo. Kwa familia yetu, barabara ni bora.

Barabara na gari

Kutoka Dar es Salaam hadi Mandera ni lami. Kutoka hapo kwenda Saadani kuna udongo, na wakazi wa Miono hawahitaji kuambiwa udongo mweusi unafanya nini wakati wa masika. Kati ya Machi na Mei gari linaweza kukwama kwa saa nyingi. Abiria mwingine atashuka na kukaa chini ya mti. Mtu aliyepooza anabaki garini katika joto, amekalia nyama ileile, na ngozi isiyo na hisia haimwambii kwamba inaumia. Vidonda vya mgandamizo huanza hivyo, na huchukua miezi kupona. Panga safari kati ya Juni na Septemba. Abebe mto wake wa kukalia na autumie garini pia, na dereva aelezwe tangu mwanzo kwamba kila baada ya nusu saa abiria atajiinua au atainuliwa kwa dakika moja au mbili. Dereva anayekasirika kwa hilo si dereva wa safari hii.

Gari la watalii lina tatizo ambalo halionekani katika picha. Kikalio chake kinaweza kuwa juu ya kikalio cha kiti mwendo kwa sentimita 40 au zaidi. Wengi hutatua hilo kwa vijana wawili wenye nguvu. Mtumiaji ana haki ya kuuliza: kuna ubao wa kuhamia? Kuna kiti cha mbele kinachorudi nyuma vya kutosha? Nani atambeba, na amewahi kufundishwa? Kubebwa vibaya kunaweza kutegua bega, na bega ndilo mguu wa mtu huyu.

La pili ni kuona. Magari yenye paa la kuinuka yamebuniwa kwa watu wanaosimama. Aliyeketi huona vichwa vya wenzake na kipande cha dirisha. Ulizeni gari lenye madirisha makubwa au lililo wazi pembeni, na kiti cha dirishani kiandikwe kwa jina lake. Amelipa ili aone twiga, kama wenzake walivyolipa.

Boti ya Mto Wami ni sehemu inayopendwa ya ziara ya Saadani, kwa viboko, mamba na ndege wake. Kingo za mto ni tope na mteremko. Msiiweke katika malipo mpaka mwongozaji ameeleza kwa picha mahali pa kupandia. Ufukweni nako, magurudumu membamba huzama mchangani. Mkeka mgumu au mbao chache zilizopangwa hutosha kumfikisha penye kivuli.

Mbung'o wapo Saadani. Huvutwa na nguo nyeusi na za bluu iliyokoza. Kwa kuwa mgeni wetu hahisi miguu yake, avae suruali ndefu ya rangi ya kaki, na mtu wa familia amkague jioni.

Malazi

Kambi nyingi za hifadhini ni mahema ya kudumu juu ya majukwaa ya mbao, pamoja na njia za mchanga katikati. Zinapendeza, na karibu kila moja ina ngazi. Ombeni picha nne: njia kutoka maegesho hadi chumbani, mlango, choo pamoja na nafasi iliyo kando yake, na bafu. Katika kila picha, futi iwe imefunguliwa na namba zisomeke. Ombi hili huonekana la kero, lakini meneja mwaminifu hulitimiza kwa dakika kumi, na asiyelitimiza amekujibu.

Ulizeni pia umeme huzimwa saa ngapi. Kambi nyingi hutegemea jua au jenereta. Mwenye kiti cha mota, au mashine ya kupumulia usiku, au dawa ya kuwekwa kwenye friji, hawezi kugundua hilo saa nne usiku.

Ulemavu wenye maswali mengine

Tumekaa zaidi kwenye kiti mwendo kwa kuwa ndicho chenye vipimo vingi. Mgeni kiziwi anahitaji mwongozaji anayemgeukia uso anaposema, na bora zaidi mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia. Kambini, mtu wa kumwamsha kwa kumgusa apangwe, kwani kengele ya hatari haitamfikia. Asiyeona ananufaika sana na hifadhi akipata mwongozaji mwenye maneno: mlio wa korongo, harufu ya mto, unyayo wa nyati unaoguswa kwa vidole pale askari wa hifadhi anaporuhusu kushuka. Ulizeni mwongozaji huyo ni nani kwa jina. Mwenye ualbino apewe gari lenye paa, ziara za alfajiri na jioni, na mafuta ya kukinga jua ya kutosha siku zote. Ya aina ya Kilisun hutengenezwa hapa nchini, KCMC Moshi. Kwa mtoto mwenye usonji, siku tatu zenye ratiba ileile ni bora kuliko siku tatu za mshangao, na kampuni iambiwe hivyo.

Fedha na maandishi

Kampuni ya utalii iwe na leseni ya TALA, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Ombeni nakala, na jina lililoandikwa humo lilingane na jina linalotokea mnapolipa. Lipa Namba yenye jina la kampuni inatoa ushahidi. Namba ya simu ya "mkurugenzi" haitoi. Daini risiti ya EFD. Ulizeni, kabla ya arubuni, kama msaidizi wa mgeni atalipishwa nauli, chumba na kiingilio kamili, na arubuni itarudishwaje iwapo huduma iliyoahidiwa haitakuwepo.

Ujumbe kwa wakala unaweza kuandikwa hivi: "Mgeni wetu anatumia kiti mwendo chenye upana wa sm 66 na urefu wa sm 110. Hawezi kupanda ngazi hata moja. Tunahitaji chumba kisicho na ngazi, mlango wenye uwazi wa sm 80 au zaidi, na bafu analoweza kuingia akiwa kwenye kiti. Tafadhali thibitisha kila kimoja kwa kipimo na picha. Tutalipa baada ya kupata uthibitisho, na ujumbe huu utakuwa sehemu ya makubaliano yetu."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayoiuza. "Rafiki" ni neno ambalo kila mtu ataligombania maana yake. "Sm 80" haligombaniwi. Mlango hupimwa na jibu linapatikana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inalinda haki ya kufikia huduma zinazotolewa kwa umma, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja maeneo ya utalii waziwazi katika Ibara ya 30.

Anayetoka Miono kwenda nje ya nchi atumie ujumbe uleule. Nchini Afrika Kusini, kwa mfano, Hifadhi ya Kruger ina barabara nyingi za lami na kambi kadhaa zenye vyumba vilivyotengwa kwa watumiaji wa viti mwendo. Hata huko, omba vipimo, kwa kuwa chumba kimoja kina bafu la kuingia na kiti na kingine kina beseni la kuogea lenye ukuta. Soma bima ya safari hadi mwisho, hasa kifungu kinachohusu hali ya afya iliyokuwepo kabla ya kukata bima, kwani ulemavu mara nyingi huingizwa humo.

Huduma ikikosekana mlipofika, pigeni picha mlango huo huo pamoja na futi, mwandikieni meneja siku hiyo hiyo, na hifadhini ujumbe wote wa simu bila kufuta hata mmoja. Lalamiko dhidi ya wakala au kambi lipelekwe kwanza kwake kwa maandishi. Asiporekebisha, upotoshaji upelekwe Tume ya Ushindani, na nakala Wizara ya Maliasili na Utalii iliyompa leseni. Ya ndege yaende Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ya basi LATRA. Ambatisheni ujumbe wa vipimo, majibu yake, risiti na picha, kwa mpangilio wa tarehe.